Mukwa Kwenye Mlango wa Dakota

Hapa Gilgil kuna watu watakaokuambia kwamba baba yangu aliendesha ndege. Wengine huongeza kwamba rubani Mzungu alizimia kwa woga, baba akashika usukani na kuitua Nairobi kama mtu anayeegesha baiskeli. Nimechoka kuwasahihisha. Baba yangu, Kahiga wa Thuo, hakuwahi kuendesha chombo chochote kilichozidi mkokoteni. Alichoshika siku ile ni mukwa wa mama yangu, na aliushika kwa kichwa, na mimi naona fahari kwa jambo hilo kuliko kama angalirusha ndege kumi. Basi kaa nikueleze ilivyokuwa, na ukienda kuisimulia usiitie chumvi. Iliyomo inatosha.

Alizaliwa Longonot, karibu na reli, kwenye shamba la Mzungu ambako babu Thuo alikuwa skwota, kibarua aliyeishi kwenye ardhi isiyo yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupakia maziwa kwenye gari la ng'ombe kila asubuhi, na barabara ya kwenda stesheni ilikuwa na mashimo ya kumvunja mtu kiuno. Huko ndiko alikojifunza kufunga mzigo. Alikuwa akisema mzigo hauangukii njiani, huangukia pale ulipofungwa, na ukiona debe limelala barabarani usiitukane barabara, rudi ukamuulize aliyelifunga. Vita vya pili vilipokuja alichukuliwa kwenda Nanyuki kupakia ndege za jeshi. Vilipokwisha akaja Nakuru, akapanga chumba Bondeni, akamwoa mama yangu Wachuka, nikazaliwa mimi. Nikapewa jina la mama yake, Wangui, na kwa hiyo akaniita "mama" mpaka siku alipofariki.

Alikuwa mtu wa maneno machache na ya polepole. Ukimuuliza habari ya asubuhi, alifikiri kwanza. Mama alisema mtu angeweza kuteleka githeri, mahindi makavu na maharagwe, akamuuliza baba swali, na chakula kikaiva kabla ya jibu. Lakini mikono yake haikuwa ya polepole. Kampuni moja ndogo yenye ndege tatu ilimwandika kazi katika kiwanja cha nje ya mji, na mwaka wa hamsini na sita alikuwa kuli anayesafiri na Dakota, ndege kubwa ya injini mbili: anapakia Nakuru, anakaa nyuma karibu na mlango, anapakua Nairobi, jioni anarudi nayo. Makuli wengine waliishia uwanjani. Baba alipanda, na Bondeni nzima ilijua hivyo kwa sababu mama alihakikisha wanajua.

Sasa nikuambie habari ya mukwa, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu wa Kikuyu hubebea kuni na maji. Katikati ni mpana, unakaa kichwani juu ya paji la uso, na pande mbili ni kamba ndefu zinazoshika mzigo mgongoni. Ni kitu cha mwanamke. Mwanamume hauweki kichwani, hata kwa mzaha, na anayejiheshimu hata haugusi ukiwa umening'inia ukutani. Lakini baba alikuwa na taabu na masanduku ya vifaranga. Nakuru ilikuwa ikipeleka vifaranga wa siku moja Nairobi kwa mamia, kwenye masanduku ya karatasi ngumu yenye matundu, na kamba za mkonge za kampuni zilikuwa zikiyakata. Ukilegeza kamba, masanduku yanacheza. Ukikaza, yanabonyea, na kifaranga aliyebonyezwa hauziki. Baba akalifikiria jambo hilo mwezi mzima, kisha akasema kwamba ukanda usioumiza kichwa cha Wachuka hauwezi kuumiza sanduku.

Mama alikataa siku mbili. Siku ya tatu akampa ule wa zamani, akamwambia asiseme umetoka wapi. Baba akashonea pete ya chuma kwenye ncha moja ili aweze kuufunga kwenye ndoano za sakafuni, na tangu hapo hakuna kifaranga aliyekufa njiani.

Kuli mwenzake, Kiprugut, mtu wa upande wa Njoro, alimcheka mpaka akaketi chini.

"Kahiga, kesho utakuja na kiondo pia?" akamuuliza, maana kiondo nacho ni kikapu cha wanawake.

Baba akafikiri. "Kama itafunga mzigo," akasema, "nitakuja nayo."

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na Mau Mau. Vijana wanaosoma habari zake vitabuni hawajui uzito wake. Mkikuyu wa Nakuru alihitaji pasi kwenda kazini na pasi kurudi, na askari yeyote aliweza kumsimamisha popote. Makuli wanne waliokuwa wakifanya kazi na baba walikuwa wameshapandishwa malori na kupelekwa kusikojulikana, mmoja kwa kosa la kucheka mahali pasipofaa. Baba alibakizwa kwa sababu rubani mkuu hakutaka kufundisha mtu mwingine. Baba alijua kwamba siku kitu chochote cha ndege kitakapoharibika, hakuna atakayeuliza kimeharibikaje. Wataangalia ni Mkikuyu gani alikuwa karibu.

Basi, ilikuwa mwezi wa Februari, jua kali, saa nne asubuhi. Dakota ilikuwa imejaa. Mbele ya abiria kulikuwa na mapipa ya dawa ya pareto, katikati abiria kumi na mmoja, nyuma vifaranga na magunia ya barua. Baba alikuwa ameshafunga kila kitu wakati posta ilipoleta gunia moja zaidi. Akafungua ile ncha ya mukwa yenye pete, akalisukuma gunia mahali pake, akawa anataka kufunga tena. Hapo ndipo abiria wa kumi na mbili alipofika, amechelewa, akipanda ngazi kwa haraka. Alikuwa inspekta wa polisi. Akamkuta baba amechuchumaa mlangoni, akasimama juu yake.

"Pasi," akasema.

Ninyi mnaojua ndege mtanisaidia hapa. Baba alikuwa na desturi yake. Kabla ya mlango kufungwa alipitisha kiganja kwenye kizingiti chote, kutoka upande huu mpaka upande ule, taratibu, kama mtu anayepangusa meza. Hakuwa amefundishwa na mtu. Siku ile alipitisha mkono mfukoni badala ya kizingitini. Inspekta aliichukua pasi, akaisoma mbele na nyuma, akauliza maswali ambayo majibu yake yalikuwa yameandikwa palepale, huku rubani akipiga kelele kutoka mbele kwamba wamechelewa. Alipoirudisha, baba alifunga mukwa upande wa ndani kwa fundo la haraka, bila kuitafuta pete, akamwambia Kiprugut aliyekuwa chini asukume mlango, kisha yeye mwenyewe akaufunga kwa komeo kutoka ndani. Ncha yenye pete ilikuwa imelala nje ya kizingiti. Mlango ukaibana, na futi mbili za ngozi pamoja na pete ya chuma zikabaki zinaning'inia nje ya ndege.

Baba hakuwahi kusema kwamba kosa lilikuwa la inspekta. Ni mimi ninayesema.

Waliruka salama. Rubani mkuu alikuwa mzee mwenye upara ambaye makuli walimwita Kihara, maana yake ni hiyo hiyo, mwenye upara. Pamoja naye alikuwa rubani mdogo, kijana mwekundu wa uso aliyekuwa Kenya mwaka mmoja tu. Walipita Elementaita bila tatizo. Juu ya Gilgil, Kihara alipoongeza mwendo ili aanze kupanda kuelekea Kijabe, kwenye ukingo wa juu wa Bonde la Ufa, kelele ikaanza. Ilikuwa kama mtu anayegonga bati kwa nyundo, haraka haraka, bila kupumzika, na sakafu ikatetemeka. Vifaranga waliokuwa wakipiga kelele tangu Nakuru walinyamaza wote kwa mara moja, na baba alisema kunyamaza huko ndiko kulikomtisha kuliko kelele yenyewe.

Mbele, marubani walisikia ugonjwa. Ukiwa mbele huwezi kujua kitu kinagonga wapi, kwa sababu mwili wote wa ndege ni bati moja. Rubani mdogo alidhani ni mkia. Kihara, aliyekuwa ameshapoteza injini moja wakati wa vita, alidhani ni injini ya kushoto inavunjika ndani. Akaanza kuipunguza nguvu kidogo kidogo, asikilize.

Nyuma, baba alitazama mzigo wake. Hakuna kilichokuwa kimehama. Kisha akaona mukwa: ulikuwa ukienda mpaka kwenye mlango, ukaingia chini yake, ukaishia hapo. Akaweka kidole juu ya ngozi, na kila pigo likaja kidoleni. Akaelewa yote kwa mara moja. Yeye, aliyesema mzigo huangukia pale ulipofungwa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu wa Gilgil hudanganya. Wanasema aliinuka mara moja akaenda mbele. Hakuinuka. Aliogopa, akakaa. Inspekta alikuwa kiti cha tatu kutoka kwake. Mukwa ni kitu cha Kikuyu, kila Mzungu wa Bonde la Ufa aliona wanawake wamebebea kuni, na sasa mukwa ulikuwa nje ya ndege unaigonga. Nani angeamini kwamba ni bahati mbaya? Akilini alituona sisi, mama na mimi na mdogo wangu, tukitolewa Bondeni na kupakiwa lori. Aliniambia hivyo mwenyewe nilipokuwa mtu mzima, na hakuona aibu kuniambia.

Akafikiria kukata ukanda kwa kisu cha kazi. Lakini kukata ndani kungeficha ushahidi tu. Kipande cha nje kingebaki kimebanwa na kuendelea kugonga. Basi akafanya jambo jingine. Akaushika mukwa kwa mikono miwili, akaweka miguu kwenye fremu ya mlango, akavuta kwa nguvu zake zote. Pete haikuweza kupita, lakini ilikaza kwenye ukingo wa mlango, ikatulia. Kelele ikaisha.

Baba akashusha pumzi. Alidhani ameokoka, na kwamba angeuvuta hivyo mpaka Nairobi, aufungue kabla ya mtu kuona, na mambo yaishe.

Ila kule mbele, wakati uleule, mkono wa Kihara ulikuwa umeshusha injini ya kushoto karibu na mwisho. Alisikia nini? Alisikia kwamba amepunguza injini, na kelele imekwisha. Kwa rubani huo ni ushahidi kamili. Akamwambia mwenzake kwamba injini ni mbovu na lazima izimwe kabisa kabla haijashika moto.

Rubani mdogo alikuja nyuma, uso umegeuka mweupe. Akawaambia abiria wafunge mikanda na wainamishe vichwa. Akasema wanazima injini moja, na kwa mzigo ule na jua lile ndege haiwezi kupanda Kijabe wala kurudi Nakuru. Wangeshuka Naivasha, kwenye kiwanja kidogo kando ya ziwa. Baba alikijua kiwanja hicho. Aliwahi kulisha ng'ombe hapo, na aliwahi kuona ndege ndogo ya mkulima ikitua na kuingia majanini hata ilipofunga breki. Kuitua hapo Dakota iliyojaa mapipa kulikuwa kama kumwambia punda wa miguu mitatu ateremke mlima na asimame mlangoni.

Rubani mdogo alimfikia baba. "Wewe nafungua mizigo," akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu. "Tayari kutupa."

Baba alikuwa bado anavuta, mishipa ya shingo imesimama, na kijana wa watu alidhani anajishikilia kwa woga.

"Bwana," baba akasema. "Ni injini ipi ilikuwa na kelele?"

"Ya kushoto. Sasa nyamaza."

"Na saa hii inafanya kazi?"

"Kidogo sana. Nazimwa."

Nilimuuliza baba mara nyingi ni nini kilichopita kichwani mwake wakati ule, na kila mara jibu lilikuwa moja. Hakuwa na wazo kubwa. Aliona tu kwamba watu kumi na wanne waliokuwa mle pamoja naye wangekufa kwa sababu ya kitu alichokuwa ameshikilia yeye, na kwamba kimya chake ndicho kilichokuwa kinaiua injini nzima. Alisema ni jambo baya sana kumwona mwingine anasingiziwa, hata kama ni injini.

Akaachia mukwa.

Kelele ikarudi papo hapo, ga-ga-ga-ga, injini ya kushoto ikiwa karibu kulala. Rubani mdogo akageuka kutazama mbele, halafu akamtazama baba. Baba akavuta tena, kelele ikaisha. Akaachia, ikarudi.

"Injini haina makosa," baba akasema. "Ni ukanda yangu. Nilifunga mlango juu yake. Mwambie kapteni asizime."

Na hapa nataka usikie vizuri. Hakusema ukanda umebanwa. Hakusema mlango ulifungwa. Alisema ukanda wangu, na nilifunga. Inspekta alikuwa ameshageuka kwenye kiti, anasikia kila neno, na baba alijua anasikia.

Kijana alikimbia mbele. Kihara hakuamini. Akaja mwenyewe mpaka nusu ya njia, akiwa amemwachia mwenzake usukani.

"Wewe naleta maneno gani?" akafoka. "Mimi nasikia injini kabla wewe nazaliwa."

"Ndiyo, bwana," baba akasema. "Sikiliza tena." Akaachia, akavuta, akaachia, akavuta.

Kihara alisimama hapo akisikiliza. Baba alisema ule upara ulibadilika rangi mara mbili. Kisha mzee akarudi mbele, na baada ya muda mfupi injini ya kushoto ikaanza kuinuka sauti, ikaingia sawasawa na mwenzake, na Dakota ikaanza kupanda. Walikuwa wameshuka chini kiasi kwamba abiria waliona nyayo za ng'ombe kwenye matope ya ziwa. Hilo si langu, aliliandika bibi mmoja Mzungu katika barua kwa kampuni.

Lakini ukanda ulihitaji kushikwa. Wakiongeza mwendo na pete ikicheza, ingeweza kung'oa bati la mlango au kuruka na kuupiga mkia wenyewe. Kihara alituma neno kwamba uvutwe mpaka chini. Baba akavuta kwa mikono mpaka viganja vikachubuka na ngozi ikaanza kuteleza kwa damu. Ndoano ya sakafuni ya upande ule ilikuwa mbali. Akajaribu bega, ukamponyoka. Basi akakaa chini, akaupa mlango mgongo, akaufungua mukwa kwenye masanduku, akauchukua ule upande mpana, akauweka kichwani mwake, juu ya paji la uso, kama mama yangu anavyobeba kuni kutoka msituni. Akainama mbele, akakaza shingo, akashika ncha ya pili kwa mikono.

Mwanamume wa Kikuyu, mtu mzima, baba wa watoto wawili, amevaa mukwa mbele ya watu. Wazungu hawakujua maana ya walichokuwa wakikitazama. Yeye alijua. Nikifika hapa katika hadithi hii, wazee wa Gilgil hucheka mpaka meno yaliyobaki yanaonekana, na mimi huwaacha wacheke. Kisha huwaambia: alikaa hivyo dakika ishirini na tano, akipita juu ya Longonot alikozaliwa bila kuweza kuinua kichwa aitazame, na kila mtu aliyekuwa ndani ya ndege ile aliteremka kwa miguu yake. Nani kati yenu amewahi kubeba watu kumi na wanne kwa paji la uso?

Vifaranga wote walifika hai. Hilo alipenda lisisahaulike.

Walipotua Nairobi, inspekta alikuwa wa kwanza kuinuka. Akachukua mukwa, akachukua pasi, akamchukua baba. Walimweka siku tatu. Walitaka jambo moja tu: nani alimtuma. Waliporidhika kwamba hakutumwa, wakampa njia ya kutokea. Mlango ulisukumwa na kuli wa nje, Kiprugut, sivyo? Basi aseme Kiprugut ndiye aliyezembea, atie kidole kwenye karatasi, aende nyumbani. Kiprugut hakuwa Mkikuyu. Angepigwa faini na kufukuzwa kazi, basi. Waliona wanamfanyia baba hisani.

Baba akafikiri, nadhani kwa muda mrefu, maana walimpiga kofi wakidhani anawadharau.

"Kiprugut alisukuma kwa sababu mimi nilimwambia sukuma," akasema. "Kuangalia kizingiti ni kazi yangu. Andika hiyo."

Hakutaja kwamba aliyemzuia kuangalia kizingiti ndiye aliyekuwa ameketi mbele yake akiandika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, hata angeniuliza pasi mara mia, mkono ulikuwa wangu." Nilikasirika wakati huo na bado nimekasirika. Lakini najua ni watu wangapi wanaoweza kusema hivyo, na huwa sihitaji vidole vya mikono yote miwili kuwahesabu.

Nyumbani, mama hakulala wala hakulia. Mwenye nyumba alimshauri atangulie kuhama kabla lori halijaja, naye akamwambia kwamba mume wake amesafiri kikazi na atarudi. Siku ya pili Kiprugut alikuja na mfuko wa unga na maziwa ya mursik, yaliyogandishwa kwenye kibuyu, akakaa kwenye kigoda bila mzaha wowote.

"Mama Wangui," akasema, "nasikia wanataka aseme ni mimi."

"Hatasema," mama akamjibu.

"Mimi nilisukuma mlango, lakini."

"Kiprugut, mimi nimekaa na huyo mtu miaka tisa. Hatasema. Kunywa chai."

Siku ya nne Kihara alikwenda polisi mwenyewe na daftari la safari. Sisemi alikuwa malaika. Alimwita baba yangu "boi" mpaka siku alipoondoka Kenya, na baba alikuwa na miaka arobaini. Lakini alikuwa ameandika kilichotokea: kelele, hesabu yake yeye mwenyewe kwamba ni injini, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa na makosa, na kwamba kuli Kahiga alikiri na kuzuia injini nzima isizimwe. Aliandika pia kwamba kuli huyo alizuiwa mlangoni na abiria kabla ya kuruka. Akawaambia polisi kwamba karatasi hiyo inakwenda kwa wakubwa wa ndege, wapende wasipende. Jioni hiyo baba alishuka stesheni ya Nakuru na treni ya daraja la tatu, paji la uso lina mchubuko mwekundu uliokwenda kutoka sikio hadi sikio. Mama aliutazama, akajua mara moja ni alama ya nini, kwa kuwa kila mwanamke tunayemjua anayo. Akamwekea mafuta. Akaniambia nitoke nje, na nilipokuwa nikitoka nilimsikia anacheka na kulia pamoja.

Meneja wa kampuni alitaka kumfukuza. Kihara akamuuliza kama anamjua kuli mwingine anayeweza kusema "ni mimi" akiwa angani, polisi akiwa kiti cha tatu. Meneja hakumjua. Baba akarudi kazini siku ya Jumatatu.

Mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa, mama alinipeleka kiwanjani. Alikuwa amepata pasi ya asubuhi hiyo, na hakuniambia tunakwenda kuona nini. Tulisimama nje ya waya pamoja na askari wa zamu. Abiria walikuwa wameshapanda, wakubwa kwa wadogo, kofia na mikoba yao, na tulisikia walikuwa wakimpeleka bwana mmoja wa serikali kwenye mkutano Nairobi. Saa ilikuwa imepita. Kihara alifungua dirisha lake dogo, akatoa kile kipara juani, akatazama nyuma.

"Kahiga," akaita. Si boi. Siku hizo, kwa swali hilo moja, alitumia jina. "Tayari?"

Baba alikuwa amechuchumaa mlangoni. Akaweka kiganja kwenye kizingiti upande wa kulia, akaanza kukipitisha taratibu kuelekea kushoto. Mtu fulani ndani alisema jambo kwa sauti ya hasira, ya mtu asiyezoea kungojeshwa. Kihara akajibu kwa Kiingereza, neno moja, kwamba angoje. Mkono wa baba ukafika katikati, ukasimama, ukarudi nyuma kidogo kuhakikisha, ukaendelea.

Askari wa zamu akamuuliza mama wanangoja nini.

"Wanamngoja mume wangu," mama akasema.

Niliwahesabu wote waliokuwa wakimngoja, ndani na nje, mpaka nikafika ishirini na mbili. Kisha baba akainuka, akajipangusa mkono kwenye suruali, akainua kidole gumba kuelekea dirishani. Ndipo injini zikawashwa.